Maji Yapandayo Ukutani: Tumwulize Nani?



Nyumba ikiugua haikosi waganga. Ukuta wako ukianza kutota kwa chini, lipu ikavimba na kumomonyoka, basi kila apitaye ana dawa yake, na kila dawa ina bei yake. Nami yalinipata hayo miaka minne, ndiyo sababu nashika kalamu leo. Sikuandikii kama fundi, maana mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, stakabadhi za zaka na barua za paroko. Ila nimeshauriwa vibaya mara nyingi na vizuri mara moja, na tofauti yake nimeiona kwa macho.

Kwetu ni Umatengo, wilaya ya Mbinga, nchi ya milima na kahawa. Mvua zetu zaanza Novemba, zaisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni baridi na ukavu. Tambarare hatuna, kwa hiyo twajenga ubavuni mwa mlima. Unachimba kilima mpaka upate uwanja, unasimamisha nyumba, na nyuma yake pabaki kingo ya udongo. Nyumba yangu niliijenga mwaka 2014 kwa matofali ya kuchoma niliyoyafyatua mwenyewe. Msingi ni wa mawe na udongo, juu mabati. Ile karatasi ya nailoni iwekwayo kati ya msingi na ukuta ili kuzuia unyevu, fundi hakuitaja, nami sikuijua.

Mwaka 2019 baba yetu alifariki, Mungu amrehemu. Mama akaja kukaa nasi, tukampa chumba cha nyuma, maana ni kimya na watoto hawamsumbui. Masika ya mwaka 2021 nikaona doa la maji chini ya ukuta wa chumba kile, upande wa mlimani. Mwanzoni lilikuwa kimo cha shubiri moja. Kufika Machi lilikuwa limepita godoro. Ukiukausha kidogo kwa jiko la mkaa (jambo ambalo nakuomba usifanye chumbani mwa mtu, maana hewa ya mkaa huua), wabaki unga mweupe juu ya lipu, ndiyo shura. Chumba kilinuka kama ghala la viazi vilivyooza. Mama akaanza kukohoa usiku.

Siku moja akanipa sanduku lake nilifungue, maana kufuli lilikuwa limeshika kutu. Lilikuwa limeegeshwa ukutani. Nguo za juu zilikuwa nzima. Za chini zilikuwa na ukungu mweusi, na chini kabisa kulikuwa na cheti chake cha ndoa, kimeshikana na picha ya arusi. Nilipovitenganisha, jina la baba likabaki nyuma ya picha. Fikiri, msomaji: mimi ndiye nitunzaye vyeti vya parokia nzima. Kabati la vitabu ofisini nimelivuta mbali na ukuta, nimeliwekea matofali chini lisiguse sakafu. Nyumbani mwangu mwenyewe cheti cha mama yangu kimeoza.

Basi nikaanza kuuliza watu.

Wa kwanza alikuwa ndugu yetu wa ukoo, mtu mzima, ambaye hata sikumwuliza. Alisema ukuta ule unalia. Kwa nini wamlilia mama peke yake na si wengine? Kwa sababu marehemu hajaridhika. Atafutwe mtaalamu wa mambo hayo, na mbuzi mmoja. Mama alikuwa amekaa barazani akichambua maharage. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Baba yao amezikwa na padre, na misa ya kumwombea tumeisoma. Alipokuwa hai hakunilowesha kitanda, na sasa hana haja ya kuanza." Maneno hayo yakaishia pale.

La pili lilikuwa baya zaidi, na hilo ni kosa langu. Mtu mmoja aliniambia kwa kunong'ona kwamba jirani yangu wa juu amegeuza mfereji wake wa maji, na sasa wamwagikia nyuma ya nyumba yangu. Sikwenda kuuangalia mfereji. Nilikwenda kumwangalia jirani. Nilimkuta njiani anatoka kisimani na watoto wake, nikamwambia maneno ambayo mtu wa ofisi ya Kanisa hapaswi kuyasema hata akiwa peke yake. Aliniuliza, "Umeuona mfereji wangu?" Nikamjibu kwamba sina haja ya kuuona. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Tulikaa kanisani yeye upande huu, mimi upande ule, tukipeana amani na wengine.

Ndipo nikamwita fundi mwashi. Huyu alifika jioni, akagonga ukuta kwa kidole mara mbili, akasema, "Lipu yako ni dhaifu." Dawa yake ilikuwa kubomoa lipu ya zamani mpaka kimo cha kiuno na kupiga mpya ya saruji yenye nguvu nyingi. Mifuko tisa, mchanga, ufundi, jumla shilingi 380,000. Fedha hiyo sikuwa nayo. Mama alikuwa nayo, maana kahawa yake ya mwaka ule ilikuwa imelipwa. Alikuwa akiiweka kwa ajili ya kaburi la baba, ajengewe kwa saruji na kuwekewa msalaba badala ya ule wa mti. Nilimwambia, "Mama, nikopeshe, nitakurudishia." Akatoa. Basi saruji ya msalaba ikaenda ukutani.

Tangu Septemba mpaka Krismasi ukuta ulikuwa mzuri hata nikawaonyesha wageni. Januari 2022 maji yakaja tena, na safari hii hayakutokea chini. Yalitokea juu ya ile lipu mpya, yakachora mstari kifuani mwa mtu, yaani juu kuliko mwaka uliotangulia.

Sasa nikueleze jambo ambalo mimi niliyesoma chuo cha ualimu nilipaswa kulikumbuka. Tazama koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, wala hakuna anayeyasukuma; yapanda yenyewe katika utambi. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo sana visivyoonekana, nalo hunywa maji ya udongoni vivyo hivyo. Maji yapanda, yafika usoni pa ukuta, yakauka kwa hewa, na chumvi iliyokuwa ndani yake yabaki. Ndiyo shura. Kwa kawaida hayapandi sana, mita moja hivi au kuzidi kidogo, kwa sababu mengine yakauka njiani. Lakini ukiupaka ukuta saruji ngumu, umeyaziba maji mahali pa kutokea. Yatafanya nini? Yatapanda mpaka yaone mwanya. Fundi yule hakuyafukuza maji. Aliyajengea ngazi, na mimi nilimlipa.

Muuza duka la vifaa mjini naye alinipa rangi. Kwamba ni rangi ya kuzuia maji, ndoo mbili zatosha. Sitakuchosha na hiyo. Ilibanduka kwa vipande vipana, kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Mwanzoni mwa 2023 akaja mtu mwingine kutoka mjini, amevaa viatu safi, ana kidude mkononi chenye sindano mbili. Akiziweka ukutani chapiga kelele. Alizunguka chumba, kidude kikalia kila mahali, mke wangu akashika mdomo. Akasema ukuta mzima umekwisha. Ama nivunje nyumba nusu, ama nitoboe matundu chini ya ukuta na kutia dawa yake ndani. Bei, shilingi 1,200,000. Nusu kwanza. Nilikuwa tayari kukopa. Baadaye ndipo nilipojiuliza kidude kile chapima nini. Chapima jinsi umeme upitavyo kati ya sindano mbili, na chumvi yenye unyevu kidogo hupitisha umeme vizuri sana. Ukuta wenye shura utakilisha hata pale ambapo maji ni machache. Sisemi mtu yule alikuwa mwongo. Yamkini alikiamini kidude chake. Dawa za namna hiyo nazo zipo, na mahali pengine husaidia. Ila yeye aliingia chumbani, akatoka chumbani, na nyuma ya nyumba hakufika.

Wakati huohuo mzee mmoja alikuwa akitengeneza sakafu ya sakristia yetu. Ni mwashi aliyejifunza kazi kwa wamisionari akiwa kijana, na sasa hupanda ngazi polepole. Nilimpelekea chai, nikamweleza habari ya ukuta, nikamwuliza, "Mzee, nitie dawa au nivunje?"

Akanywa chai kwanza. Kisha akasema, "Karani, mimi sijauona."

Watu watano walikuwa wamenishauri, na huyu ndiye wa kwanza kusema neno hilo.

Alikuja Jumamosi. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba mara mbili, mikono mgongoni, akisimama na kutazama mabati, kisha chini, kisha kilima. Halafu akaomba kukaa, akauliza maswali, wala hakuniuliza mimi. Alimwuliza mama. "Dada yangu, maji haya huja na mvua ya kwanza?" Mama akasema, "Hapana. Novemba ni makavu, Desemba ni makavu. Huja baada ya mwaka mpya, ardhi ikiisha kushiba. Na mvua ikikatika hayaondoki. Hukaa mpaka Juni." "Ikinyesha usiku mmoja kwa nguvu, asubuhi huzidi?" "Hayazidi." "Ukuta wa kati, unaotenganisha chumba chako na sebule?" "Ule ni mkavu. Ndiyo sababu nimehamishia kitanda huko."

Mzee akanigeukia. Kama ni bati livujalo, alisema, maji yangeonekana siku ileile ya mvua. Kama ni maji yatokayo chini ya nyumba nzima, ukuta wa kati nao ungetota miguuni. Haya ni maji ya udongo ulioshiba, yatoka upande mmoja. Niliona haya. Miaka miwili nimetafuta wataalamu, na aliyelala na ukuta ule kila usiku hakuna aliyemwuliza, hata mimi mwanawe.

Kisha akatoa mpira mwembamba wa maji, ule mafundi wautumiao kama pimamaji. Akautia maji, ncha moja nikaishika mimi ndani usawa wa sakafu, ncha ya pili akaipeleka nyuma ya nyumba kwa kuzungukia mlangoni. Maji yakatulia. Akaniita nikaone. Udongo wa nyuma ya nyumba ulikuwa umepita sakafu yangu kwa sentimita 43. Yaani chumba cha mama kilikuwa kama nusu shimo, na matofali yalikuwa yanagusana na udongo mbichi.

"Nyumba hujengwa sakafu ikiwa juu ya udongo," alisema. "Huyu nani ameujaza?"

Ni mimi. Mwaka 2020 nilichimba shimo la choo kipya, na udongo wake niliumwaga pale nyuma kwa sababu palikuwa karibu. Kingo ya kilima nayo ilikuwa ikimeguka kila masika. Halafu mke wangu akaona udongo ule ni mzuri, akapanda mchicha na vitunguu, na kila jioni ya kiangazi akaumwagilia. Bustani ilistawi sana, wageni wakaisifu.

Mzee akacheka, na neno alilolisema limenikaa. "Ninyi Wamatengo mwajua maji kuliko watu wote. Shambani mwachimba ngoro, kila tone mwaliwekea shimo lake, mlima hauteremki. Mkifika nyumbani mwasahau kwamba nyumba nayo iko mlimani."

Wale wasioijua ngoro, ni vile vishimo tuchimbavyo ubavuni mwa kilima. Twalaza majani makavu kwa safu zinazokatana, twayafukia kwa udongo, twapanda mahindi au maharage juu ya matuta, na maji ya mvua yabaki katika vishimo badala ya kukimbia na udongo. Wazee wetu walianza kazi hiyo zaidi ya miaka mia iliyopita. Nimelima ngoro tangu mtoto, hata watu wa shule na vyuo nimewaonyesha.

Nilimwuliza habari ya mfereji wa jirani. Akapanda nao hatua kwa hatua, nami nyuma yake. Wainamia upande wa pili, kwenye migomba, mbali na kwangu. Ungependa hata kuuleta kwangu usingeweza, labda maji yajifunze kupanda mlima.

Hata hapo mzee hakutaka nimwamini bure. "Usiniamini mimi, pima," alisema. Akanifundisha vipimo viwili, nawe waweza kuvifanya. Cha kwanza, kata kipande cha nailoni safi, kibandike ukutani, ziba kingo zake zote kwa gundi ya karatasi, kiache siku mbili au tatu. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni jasho la hewa ya ndani, yaani pumzi za watu na mvuke wa vyungu, fungua madirisha. Yakionekana upande wa ukuta, yatoka ukutani. Yangu yalionekana upande wa ukuta.

Cha pili chataka mizani. Nilichokonoa unga wa matofali kwa msumari mnene na nyundo, kutoka ndani na si usoni, nikautia katika makopo yenye vifuniko usikauke njiani. Nikaupima kwa mizani ya duka la parokia, gramu 200 kila kopo, nikaukausha polepole katika sufuria mpaka uzito usipungue tena. Wa sentimita 20 kutoka sakafuni ulibaki gramu 172. Wa sentimita 60, gramu 186. Wa sentimita 120, gramu 197. Wa ukuta wa kati, chini kabisa, gramu 196. Basi maji ni mengi chini, yapungua kwenda juu, na ukuta wa kati hayapo. Mizani haina duka la rangi.

Yako mawili mengine yaliyonifanya nimwamini mzee yule. Nilipomwuliza habari ya kifua cha mama, alisema, "Hilo silijui, mpeleke zahanati." Nikampeleka. Sista akampa dawa, akasema asilale tena chumba kile mpaka kikauke. Na ni kweli, hata Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na kikohozi, pumu na maradhi ya kifua. Na nilipomwuliza mzee kuhusu pembe ya kusini ya chumba, ambapo doa lilikuwa na umbo jingine, alisema, "Hapo sijaelewa bado. Tutaona baada ya mvua ya mwaka mmoja." Malipo yake ya siku ile yalikuwa shilingi 20,000. Kazi yenyewe, alisema, ni ya jembe, nami ninalo.

Kabla ya jembe nilikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa Kwaresima. Nilipanda kwa jirani jioni, nikamkuta akipogoa mikahawa. Nikamwambia nimeuona mfereji wake, na kwamba maji ni yangu, udongo ni wangu, na maneno yale yalikuwa ya uongo. Watoto wake walikuwepo siku ile ya kisimani, kwa hiyo nikaomba waitwe, nikayasema tena mbele yao. Yeye hakunikumbatia, kama tusomavyo katika hadithi. Alisema, "Nimesikia, karani," akaendelea kupogoa. Nikarudi nyumbani. Ilikuwa haki yake.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokatika, tukaanza kuchimba. Mzee alinionya neno moja kwa ukali: nisichimbe nyuma yote kwa siku moja, na nisishuke kamwe chini ya kitako cha msingi, nyumba isije ikanikalia. Tukachimba vipande vya mita mbili mbili. Tuliondoa udongo mpaka ukawa sentimita 20 chini ya sakafu. Kingo tukairudisha nyuma hatua moja na nusu, tukaipanga mawe ili isimeguke. Kati ya kingo na ukuta tukachimba mtaro ulioinama, tukautia kokoto, tukaupeleka mpaka migombani. Bustani ikahamia mbele, si bila maneno. Nyuma tukafunga mfereji wa bati chini ya paa, maana maji yaangukayo toka juu huruka na kulowesha ukuta, na sasa yaingia pipani.

Ndani tukabandua ile saruji yote. Msomaji, kubandua kile ulichokilipia shilingi 380,000 ni kazi nzito kuliko kuchimba. Mama alisimama mlangoni akitazama vipande vikianguka. Hakusema neno.

Matofali tukayaacha wazi. Mafundi wa zamani walikadiria kwamba ukuta hukauka inchi moja kwa mwezi, na ukuta wangu ni wa inchi tisa, basi nani aliyenidanganya kwamba wiki mbili zatosha? Shura ilipotoka tuliifagia kwa brashi kavu, tukaitupa mbali. Usiioshe kwa maji, maana utairudisha ndani. Mwaka mzima mama alilala sebuleni nyuma ya pazia. Masika ya 2024 yakapita. Ukuta ukawa mkavu, isipokuwa ile pembe ya kusini. Agosti tukapiga lipu, si ya saruji, bali ya chokaa na mchanga, kopo moja kwa matatu, tukaifunika kwa magunia mabichi isikauke upesi. Lipu ya chokaa huacha ukuta uvute pumzi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na watunzao nyumba zile hukataa kuzipaka saruji kwa sababu hiyohiyo. Asiye na chokaa, lipu ya udongo mzuri si aibu. Ila kuwa mwangalifu, chokaa huchoma macho, watoto wasikaribie.

Na wewe unayeanza kujenga mwaka huu, usinifuate mimi. Kabla ya tofali la kwanza, tandaza nailoni nzito juu ya msingi, upana wote wa ukuta, vipande vipandane penye maungio, nayo iwe si chini ya sentimita 15 juu ya udongo wa nje. Kisha usije ukaifukia kwa udongo wa choo.

Kazi yote, mawe tukiyaokota wenyewe, ilinigharimu shilingi 265,000, na sehemu kubwa ni mfereji wa bati. Nimeandika ili anayeambiwa milioni ajue.

Jirani yangu alikuja ofisini mwezi wa Septemba kumwandikisha mtoto wake kwa Komunyo ya kwanza. Niliandika jina, tarehe ya ubatizo, jina la msimamizi. Alipokwisha hakuondoka. Aliuliza mtaro wangu una kina gani, kwa kuwa nyuma ya jiko lake nako kunatota. Nikamwambia sijauona. Jumamosi nikapanda nao, na mpira wa maji mkononi.

Mama amerudi chumbani kwake. Cheti cha ndoa nilimwandikia kingine kutoka katika kitabu cha parokia, nacho kiko katika mfuko wa nailoni, juu ya kabati. Msalaba wa baba bado ni wa mti; fedha ya kwanza ya kahawa yangu nimeshanunulia mifuko miwili ya saruji, na mzee ameahidi kuumimina mwezi wa Agosti. Mama amwambia kila akimwona kwamba safari hii saruji itumike kaburini tu.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, anaweka kiganja ukutani na kukipitisha polepole toka mlangoni mpaka kusini. Leo nilimwuliza.

"Mkavu," alisema. "Ila pale pembeni bado. Mwambie mzee aje."